Bango la Hospitali Lina Deni kwa Nani?

Katika ukumbi wa mkutano wa madaktari na wauguzi, mabango hupangwa safu kwa safu, kila moja likieleza jinsi wodi fulani ilivyopunguza maambukizi ya vidonda au ilivyofupisha foleni ya maabara. Mpangilio wake unajulikana: tatizo, lengo, mabadiliko yaliyojaribiwa, grafu, hitimisho. Msomaji husimama dakika chache, huuliza swali moja au mawili, kisha husogea kwenye bango la pili. Kwa ufupi huo ni rahisi kudhani kwamba maswali ya bango ni ya ufundi tu: herufi ziwe kubwa kiasi gani, grafu ikae wapi. Lakini kabla ya ufundi lipo swali la maadili: mtu aliyeeleza kwa usahihi yote yaliyofanikiwa, akayanyamazia yaliyoshindikana, je, amesema kweli? Ninashikilia kwamba hajasema. Bango la kuboresha huduma ni ushahidi, na shahidi hapimwi kwa aliyoyatamka peke yake. Hupimwa pia kwa yale aliyoyajua, yaliyokuwa na uzito katika shauri, naye akayameza.

Ni ushahidi kwa sababu kila nukta ya grafu ni watu waliolazwa, na watu hao hawamo ukumbini. Katika utafiti wa kawaida mgonjwa huelezwa kinachofanyika, hutia saini, na ana haki ya kukataa. Miradi ya kuboresha huduma mara nyingi haipiti njia hiyo, kwa hoja kwamba hospitali inatekeleza tu kile ilichopaswa kukifanya tangu awali. Hoja hiyo ilitikiswa huko Marekani. Katika jimbo la Michigan, vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi vilitumia orodha fupi ya hatua za usafi wakati wa kuingiza mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba maambukizi yameshuka sana. Mwaka uliofuata ofisi ya serikali inayowalinda watu wanaoshiriki tafiti ilisema kwamba huo ulikuwa utafiti na ulipaswa kufuata taratibu za utafiti; ukusanyaji wa takwimu ukasimama, hadi ruhusa ilipotolewa mwaka 2008. Yeyote aliyekuwa na haki katika mvutano ule, jambo moja lilidhihirika: mgonjwa ametoa mwili wake na siku zake ziwe funzo kwa wengine, pengine bila kuombwa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Kumwonyesha mgonjwa pale alipopona na kumfuta pale alipoumia ni kumtumia kwa namna hiyo hasa, kwa kuwa mateso yake yamegeuzwa pambo la kazi ya mwingine.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Amory Codman, alilielewa deni hili la hospitali kwa mgonjwa. Alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa mpaka ijulikane kama matibabu yamemfaa, na kama hayakumfaa, ijulikane kwa nini. Katika hospitali yake ndogo alihesabu wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya mwaka 1911 na 1916, akaorodhesha makosa 123, akayachapisha. Januari 1915, mbele ya madaktari wenzake, alifunua mchoro mkubwa wa mbuni aliyefukia kichwa mchangani, mfano wa matajiri wa mji, akiwarushia waganga mayai ya dhahabu bila kuuliza kama tiba yao inafaa kitu. Wenzake walikasirika, naye akapoteza uenyekiti wa chama cha upasuaji cha mahali pale. Mchoro ule ulikuwa wa kejeli, na kejeli huumiza kuliko inavyoelekeza. Nguvu ya Codman imo katika ile orodha ya makosa 123, kwa sababu ilihusu nyumba yake mwenyewe. Aliwadai wengine kile alichokwisha kukilipa.

Ukimya hauwadhulumu waliokwisha kutibiwa peke yao. Huwapotosha pia watakaoiga. Januari 2009 zilitangazwa takwimu za orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walitoa matokeo ya hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kama hizo: tofauti ya vifo ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati nasibu. Lau wangenyamaza, wengi wangeamini kwamba karatasi yenyewe ndiyo inayookoa. Kwa kuwa walisema, ikabidi kuuliza kama timu inasimama kweli na kuzungumza kabla ya kisu, au inatia alama tu kwenye visanduku. Swali hilo lina thamani kubwa zaidi kwa hospitali ya wilaya yenye wauguzi wachache, ambayo ikifuata tumaini la uongo haina akiba ya kufidia hasara.

Wapo watakaosema kwamba bango ni dogo na haliwezi kubeba kila kitu. Ni kweli, lakini kuchagua kuna namna mbili. Nguzo mbili za “kabla” na “baada” huchukua nafasi ileile kama mstari wa mwezi hadi mwezi, ila mstari huonyesha kama maambukizi yalikuwa yanashuka hata kabla ya mradi, au yalipanda tena alipohamishwa muuguzi aliyeusimamia. Mwongozo wa SQUIRE wa mwaka 2015, unaoelekeza uandishi wa miradi hii, hutaka yatajwe hata madhara na gharama ambazo hazikukusudiwa. Sentensi mbili zinatosha. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la hofu: mkunga ataonyeshwa kidole, hospitali itashtakiwa. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana majina yasitajwe, wafanyakazi wa wodi wasome bango kabla ya wageni, na maelezo yaelekezwe kwenye utaratibu uliowaangusha. Hayo yote ni masharti ya kusema kwa uadilifu. Hayampi mtu ruhusa ya kunyamaza, kwa sababu mgonjwa atakayelazwa kesho naye anahitaji kulindwa.

Pingamizi la mwisho latoka kwa watu wa dini: mema hufanywa kwa siri, na kuyatundika ukutani ni riya, yaani kujionyesha. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyetenga kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, kwa maradhi ya kupenda jaha na kujionyesha, hakukataza kila kudhihirisha. Aliruhusu tendo jema lidhihirishwe ili wengine waige, nia ikiwa safi. Nia ya mtu haionekani, lakini bango laweza kupimwa: je, anayelisoma ataweza kuifanya kazi hiyo kwake na kuyaepuka mashimo yaliyokwisha kugunduliwa? Mafanikio matupu humpa mwenye bango sifa na humwacha msomaji bila njia. Sehemu ya yaliyoshindikana haimwongezei mwenye bango heshima yoyote. Inamfaa msomaji tu. Kwa hiyo, hiyo ndiyo sehemu inayotenganisha kufundisha na kujionyesha, na waamuzi wa mikutano wanaotoa tuzo wangetenda haki kama wangeanza kusoma kutokea hapo. Bango lisilo na sehemu hiyo, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi, bado halijamlipa mgonjwa deni lake.