Raba Chafu Mlangoni pa Kanisa

Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa, kuna kazi moja inayofanyika kwenye mlango wa nyuma. Mtoto ameketi na beseni, mswaki wa zamani na kipande cha sabuni ya mche, anaosha raba za kuvaa kesho kanisani. Akimaliza zake anaosha za mdogo wake. Kazi hii haitajwi katika matangazo ya usharika, wala haiandikwi katika taarifa ya mwaka. Lakini tumeona vema kuitumia kuuliza swali ambalo tumelibeba kwa muda mrefu: je, usafi wa viatu vyetu unamhusu Mungu? Na kama unamhusu, unamhusu kwa namna gani?

Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Tunauliza kwa sababu tulikosea.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, mvua bado hazijakatika, katika mtaa mmoja tunaouhudumia. Kijana wa darasa la kipaimara alifika ibada ikiwa karibu kuanza. Alikuwa ametembea kutoka kijiji cha mbali, na raba zake nyeupe za mitumba zilikuwa zimejaa tope jekundu hadi kwenye kamba. Akina mama walikuwa wamedeki sakafu ya kanisa asubuhi ile ile. Sisi tulikuwa mlangoni, tumeshavaa joho, tunasubiri wimbo wa kuingilia. Tukamtazama miguuni, tukasema mbele za watu: "Kijana, nyumba ya Mungu haiingiwi hivyo. Nenda kaoshe kwanza." Watu wachache walicheka. Yeye akajibu, "Sawa, Mchungaji," akageuka akaenda zake. Hakurudi siku ile, wala Jumapili mbili zilizofuata.

Tulipokwenda kumtembelea tulimkuta bibi yake uani, akimenya mihogo. Tukamwamkia, akaitikia, akatupa kigoda. Hakupandisha sauti. Alisema tu: "Baba Mchungaji, mjukuu wangu alikuwa anakuja kanisani. Hakuwa anakwenda harusini." Kisha akatuonyesha raba zilizokuwa juu ya ua wa fito. Kijana alikuwa ametutii. Alifika nyumbani, akanunua jiki kwa fedha aliyoipata kwa kusomba matofali, akaziloweka usiku kucha, akazianika juani. Kitambaa kilikuwa kimegeuka manjano. Doa jekundu lilikuwa palepale. Na gundi ilikuwa imeachia, soli ya kiatu kimoja ikining'inia kama ulimi.

Fundi viatu mmoja alitueleza baadaye kilichotokea, na tunayaandika maelezo yake hapa kwa sababu yana faida nyumbani. Wekundu wa udongo wetu unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo wenyewe. Jiki hufuta rangi nyingi, lakini kutu haiiwezi, na mara nyingine hulifanya doa ligande zaidi. Tope huachwa kwanza likauke, ndipo viatu vigonganishwe soli kwa soli na kufutwa kwa brashi kavu, maana ukiliosha likiwa bichi unalisukuma ndani ya kitambaa. Kamba na soli za ndani hutolewa na kuoshwa peke yake. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, taratibu. Wekundu unaobaki husaidiwa kwa maji ya limau, halafu kiatu kinasuuzwa vizuri. Raba hailoweki usiku kucha, kwa sababu gundi haivumilii. Mwisho hujazwa karatasi ndani ili ishike umbo, hufunikwa kwa tishu nyeupe isije ikapata umanjano, na huanikwa kivulini penye upepo. Wakati wa msimu wa korosho tuongeze moja: maji ya bibo yakikaukia kwenye kitambaa, doa lake akina mama wanalijua, haliondoki kwa urahisi. Lioshwe papo hapo.

Tuliyasikiliza maelezo hayo tukiwa na aibu. Yule kijana alitumia ukali kwa kuwa sisi tulitumia ukali. Hatukumfundisha lolote kuhusu kuosha. Tulimwambia tu kwamba ni mchafu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo wanaosema haraka kwamba Mungu haangalii viatu, anaangalia moyo. Ni kweli, lakini maneno hayo yasigeuzwe kuwa mto wa kulalia mvivu. Katika Kutoka sura ya 19, kabla Bwana hajashuka juu ya mlima Sinai, watu waliamriwa wafue nguo zao. Walikuwa jangwani, maji yakiwa ya shida, na bado walifua. Mtu anayejiandaa kukutana na anayemheshimu hujitengeneza. Mtoto anayesugua raba zake Jumamosi jioni ameshaanza ibada ya kesho, hata kama hajui. Hatutaki kumwondolea furaha hiyo.

Lakini katika kitabu hichohicho, sura ya 3, Musa anapokaribia kijiti kinachowaka, Mungu hamwambii afute viatu vyake. Anamwambia avivue. Mbele ya utakatifu ule, hata kiatu kilichosafishwa sana hakina kazi. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika wilaya hizi, huviacha viatu vyao nje ya msikiti, na kabla ya swala huosha miguu. Sisi huingia na viatu vyetu, na ndiyo maana kwetu viatu vimekuwa rahisi kugeuka kipimo cha mtu. Huyu kavaa vipya, huyu kavaa vilivyochoka, huyu kaja na tope. Jicho huteremka sakafuni kabla mkono haujanyooshwa kusalimia.

Yakobo aliliona jambo hili mapema. Katika sura ya 2 ya waraka wake anaeleza juu ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine maskini mwenye mavazi machafu. Yule wa kwanza anapewa kiti, wa pili anaambiwa asimame au akae chini. Yakobo haiiti hali hiyo kuwa kosa la adabu. Anasema wanaofanya hivyo wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Tumehubiri juu ya andiko hilo zaidi ya mara moja. Siku ile tulikuwa ndio watu wanaozungumzwa humo.

Tena viatu husema uongo pande zote mbili. Katika Yoshua sura ya 9, Wagibeoni walivaa viatu vikuukuu vilivyotiwa viraka, ili waonekane wametoka mbali, na Israeli wakadanganyika kwa kutazama viatu bila kumuuliza Bwana. Kama kiatu kibovu kinaweza kuficha hila, kiatu cheupe kinaweza kuficha mengi zaidi. Wapo wanaoingia kanisani na raba zinazong'aa huku wakimdai mjane riba isiyolipika. Tope la aina hiyo halionekani sakafuni.

Na hilo tope jekundu lenyewe ni nini? Ni ardhi inayotulisha. Ndiyo inayotoa korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Waingereza waliikusudia kwa karanga mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo, wakaja na matrekta mengi, na mwaka 1951 mpango wao ukavunjika. Wapigania uhuru wa Msumbiji walifanya mazoezi juu yake, katika kambi yao ya Nachingwea, hadi nchi yao ikawa huru mwaka 1975. Upande wa Ruangwa, vijana wetu hushuka katika mashimo ya dhahabu ya Namungo na kurudi na vumbi lake. Mtu anayefika ibadani na udongo huu miguuni amekuja na kazi yake na njia yake. Kuuita udongo huo dhambi ni kumsingizia Muumba.

Kumbukeni pia Injili ilivyofika pande hizi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka pwani ya Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatembea kwa miguu hadi Masasi na kuanzisha makao. Sisi Walutheri tulikuja baadaye, lakini tunakula matunda ya mwendo ule. Hakuna aliyefika Masasi na miguu safi. Nabii Isaya, katika sura ya 52, anaisifu miguu ya mjumbe wa habari njema kwamba ni mizuri, na tunajua mjumbe wa milimani hufika na miguu ya namna gani. Uzuri wake ulitoka katika habari aliyoileta.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neema. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 hakufika nyumbani na viatu safi. Yaelekea hakuwa na viatu kabisa, kwa maana baba yake ndiye aliyeagiza avishwe. Baba hakumwambia, "Nenda kaoshe kwanza." Alikimbia, akamkumbatia akiwa na harufu ya nguruwe, kisha mavazi, pete na viatu vikafuata. Mpangilio huu ndio moyo wa mafundisho yetu. Hatusafishwi ili tupokelewe. Tunapokelewa, na kupokelewa huko kunatusafisha. Sisi, tuliofundishwa hayo chuoni na kuyafundisha wengine kwa Katekisimu Ndogo, tuliugeuza mpangilio huo mlangoni pa kanisa kwa sentensi moja.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulifikiri. Usafi una gharama. Mwenye bomba uani humaliza kuosha raba zake kwa dakika chache. Katika mwezi wa tisa na wa kumi, yule anayeteka maji mbali hubeba ndoo moja kichwani, na ndoo hiyo inapikia, inaoshea vyombo na inamwogesha mtoto mchanga. Tunapowadai wote viatu vyeupe vilevile, kwa mwenye bomba tumedai muda kidogo, kwa mwingine tumedai maji ya kunywa. Kanisa haliwezi kudai kitu bila kuuliza kinatoka wapi.

Basi tufanyeje? Tuache kuosha? La. Bwana wetu, usiku ule wa Yohana 13, hakusema kwamba vumbi la miguu halina maana. Aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha wanafunzi wake, na Yuda hakurukwa. Vumbi lilikuwepo na lilihitaji kuoshwa. Kilichobadilika ni nani anayeinama. Sisi tulisimama wima na kumwagiza mwenye vumbi akaoshe. Yeye aliye Bwana aliinama.

Martin Luther, katika maandishi yake juu ya maisha ya ndoa ya mwaka 1522, anamzungumzia baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Anasema kwamba kazi hiyo ikifanywa katika imani, Mungu pamoja na malaika zake wanaifurahia. Kama ni hivyo kwa nepi, ni hivyo kwa raba. Dada anayeosha viatu vya mdogo wake, baba anayeshona soli ya mwanawe, bibi anayetoa nusu ndoo ya maji yake, hao wanafanya kazi takatifu. Usafi unamhusu Mungu pale unapokuwa zawadi kwa mwingine. Ukiwa rungu la kumpigia, haumhusu.

Siku ile tuliomba radhi kwa bibi na kwa kijana mwenyewe, aliyekuwa amejificha nyuma ya nyumba. Tuliomba maji kidogo, tukaketi chini, tukaziosha pamoja naye zile raba. Hazikurudi kuwa nyeupe. Tulizipeleka kwa fundi, akazishona kwa uzi mweusi unaoonekana kutoka mbali. Jumapili ya nne kijana alikuja amevaa kandambili, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Tulifurahi, na bado tulijua kwamba kiti kile cha nyuma tulimpa sisi.

Baadaye lilijadiliwa katika baraza la wazee wa mtaa kwamba iwekwe ndoo ya maji na brashi kwa ajili ya wanaotoka mbali. Mzee mmoja alipendekeza vikae mlangoni. Mama mmoja akakataa. Alisema vikikaa mlangoni vitakuwa kizuizi cha barabarani. Vikawekwa upande, chini ya mwembe, pamoja na benchi, na vijana wakapangiana zamu ya kujaza maji. Atakaye hupita huko, asiyetaka huingia moja kwa moja. Wakati wa mvua, sakafu hudekiwa baada ya ibada, na sisi tunashika zamu yetu pamoja na wengine.

Kijana yule alipata kipaimara mwaka uliofuata. Alipopiga magoti tulimwekea mikono kichwani, na hatukutazama chini. Alivaa nini miguuni, hatujui.

Mpendwa msomaji, Jumamosi hii ukiosha raba zako, osha na jozi ya mwingine bila kumwambia. Na Jumapili ukisimama karibu na mlango, mwangalie usoni anayeingia, umwambie karibu. Bwana aliyeosha miguu ya wavuvi atusaidie kuinama.