Midomo Iliyofungwa

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya masista, niliacha kusali Nasadiki. Nilisimama na wenzangu kama kawaida, ila midomo niliifunga. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa amefariki kwa malaria, siku ya saba ya novena tuliyokuwa tukimwombea. Sikumkasirikia Mungu. Afadhali ningemkasirikia, mimi nilianza kuona kama hakuna wa kumkasirikia.

Wakati wa Komunyo ndipo palipokuwa pagumu. Benchi zima linanyanyuka, wewe umebaki. Wanaopita wanakukanyaga miguu, na kabla ya chakula cha mchana bweni zima linaulizana una dhambi gani. Katika shule ya wasichana, ndugu zangu, jibu huwa ni moja. Mwalimu mmoja alinipigisha magoti juani hadi nikaahidi kwamba Jumapili ijayo nitapokea. Nikapokea. Hadi leo naona Komunyo ile ndiyo iliyokuwa kosa langu, wala si zile nilizoziacha.

Kwani Nasadiki ni neno la mtu mmoja. Hatusemi kwamba shule inasadiki, au wazazi. Sasa anayelazimishwa kulitamka anafundishwa nini, imani au uongo?

Nilimpelekea padre mzee swali hilo katika kitubio. Hakunikemea. Alisema Katekisimu, namba 2088, inatofautisha mashaka ya kukusudia, ya mtu anayeikataa imani, na yale yanayomjia mtu bila kuyataka. Akaniuliza yangu ni yapi. Nilikaa kimya muda mrefu. Nilitaka kusema ya pili, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kujivunia ujasiri wangu wa kunyamaza.

Ndipo akaniambia kwamba maaskofu wa Nisea, mwaka 325, waliandika kwa wingi: tunasadiki. Akanikumbusha pia Tomaso. Siku nane baada ya kukataa kuamini, bado alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wenzake. Hawakumfukuza, naye hakuondoka. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu naye aliishi katika giza la imani tangu Pasaka ya 1896 hadi alipofariki Septemba 1897, akiwa kati ya masista wenzake.

"Baki kwenye benchi," alisema padre. "Usipokee kwa hofu, wala usitoke kwa kiburi. Na mdogo wako endelea kumwombea, hata kama hujui anayesikia."

Nilimwombea hivyo karibu miaka miwili.

Siku hizi nafundisha somo la dini. Jumapili iliyopita, wakati wa Nasadiki, nilimwona kijana mmoja mstari wa tatu, amesimama wima, midomo imefungwa. Macho yetu yalikutana. Niligeukia altare, nikaendelea kusali, polepole kidogo.