Koneksheni Iko Pembeni Yako

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa filamu fupi, alinijia wiki hii akitoka kwenye semina ya wasanii. Alikuwa amelipa kiingilio, amechapisha kadi za biashara, amevaa koti. Wakati wa chai, alisema, ukumbi mzima ulikimbilia meza ya wakubwa: wadhamini, mapromota, watu wa televisheni. "Mzee, nimegawa kadi zote. Mjini hapa bila koneksheni hutoki." Nikamuuliza kama alizungumza na vijana wenzake waliopanga foleni ya chai. Akanishangaa. Wa nini? Nao hawana kitu.

Jibu hilo limenikera mpaka leo.

Natamani huko kwenye semina wangemsimulia habari za Edward Saidi Tingatinga. Mnamo 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi zile za kupaka baiskeli. Wazungu wa Oyster Bay walipoanza kununua, hakujifungia na ujuzi wake. Aliwaita ndugu na jamaa, kina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, wakakaa kando yake wakajifunza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Kazi ile ingekuwa yake na wateja wake peke yao, ingezikwa naye. Wanafunzi wakafundisha wengine, hata wasio wa ukoo, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Najua kuna atakayeruka: "Hao walikuwa ndugu! Undugu ndio koneksheni yenyewe." Sikatai. Hata mwanamuziki Remmy Ongala, alipotoka Kongo mwaka 1978, aliitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Mzee Makassy, aingie Orchestra Makassy. Mjomba alimpa nafasi jukwaani. Kumpenda Remmy baadaye, alipokuwa na bendi ya Super Matimila, mashabiki walijiamulia wenyewe.

Na asiye na mjomba? Huyo ndiye ninayemwandikia. Anayekushikia maiki leo kwenye filamu isiyo na bajeti, kesho kutwa ataulizwa na kampuni: "Unamfahamu mwongozaji mzuri?" Atataja jina la nani? La yule aliyemlipa alichomwahidi, aliyeandika jina lake mwishoni mwa filamu bila kukumbushwa, aliyempigia simu kumjulia hali hata pasipo na kazi. Mwenye pesa hakabidhi mradi wake kwa kadi aliyopewa kwenye chai. Anauliza watu anaowaamini, nao humtaja waliyekesha naye kazini na hakuwadhulumu. Wakubwa wanaowaambia vijana "fanya bure, utajulikana" wanaua imani hiihii, maana wanawafundisha kuwa jasho la mwenzako halina thamani.

Labda semina hizo zina faida nisiyoiona. Lakini nilimuuliza yule kijana kama fundi wa sauti wa filamu yake ya mwisho amelipwa. "Bado, mzee. Namzungusha kidogo." Alikuwa ametenga pesa ya kuchapisha kadi nyingine. Nikamwambia ampelekee yule fundi jioni ileile, na amwombe radhi kwa kumchelewesha.