Kaburi la Biskuti
Twaulizwa: yafaa kuwatengenezea watoto wa Mukuyuni kitamutamu kisichopikwa, cha biskuti zilizopondwa, maziwa na kakao, kikapambwa mfano wa kaburi kwa karamu ya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba?

Chakula chenyewe ni halali, maadamu hakina jelatini ya nguruwe. Neno liko katika sura yake. Wakamba wa kale waliwatengea aimu, roho za wahenga wao, chakula. Hatuafikiani nao, lakini hawakuwafanyia mauti mzaha. Nasi Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuyazuru makaburi yatukumbushe Akhera. Mtoto aliyezoezwa kulila kaburi kwa kijiko huku akicheka, kesho atasimama mbele ya kaburi la babake kwa moyo gani?

Enyi wazazi, wapeni watoto utamu huo. Kaburi liondoeni sahanini.