Jiko Lililokolea

Mwezi wa saba, Makete si mahali pa mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam. Kuna asubuhi unaamka ukakuta majani yamepakwa barafu nyembamba, utadhani kuna mtu amepita usiku akimwaga chumvi. Nilikuwa nimepanda huko kumsalimia dada yangu na wanawe wawili, na kwa kuwa sipendi kuwa mgeni wa kukaa bure, nikasema: "Dada, makande ya safari hii niachie mimi."

Makande ya kukoboa ni kazi ya siku mbili. Usiku wa kwanza unaloweka maharage. Kesho yake unayanyunyizia mahindi maji kidogo, unayatwanga kinuni mpaka ganda liachie, unapepeta kwa ungo, halafu unarudi kinuni tena, maana mara ya kwanza huwa umejidanganya. Ilipofika saa nane mchana viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Saa kumi sufuria ikakaa juu ya jiko la mkaa, nje, kwenye kibanda cha mabati.

Saa moja usiku tukaonja. Mahindi magumu, maharage yamegoma. Dada akacheka: "Huku si pwani, mdogo wangu. Sufuria ya huku inataka subira." Alisema kweli. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Pwani yanachemka yakifika nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, na hata ukichochea moto usiku kucha, ndani ya sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo. Nafaka kavu inaiva polepole, mkaa unaungua muda mrefu, na mpishi anazidi kupigwa baridi.

Saa mbili nikashindwa. Nikaliingiza jiko ndani.

Sikufanya hivyo kijinga, au ndivyo nilivyojiambia. Nilisubiri mkaa ukolee, moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu safi. Nikaweka beseni la maji kando ya jiko, kwani niliwahi kusikia kwamba maji "hunyonya" hewa mbaya. Kisha nikafunga dirisha na kushindilia blanketi kuukuu chini ya mlango, palipokuwa pakipenya upepo. Chumba kikapata joto tamu. Watoto wakalala kwenye godoro, sufuria ikitokota taratibu, na dada akanisifu kwamba nimekuwa mwenyeji.

Baada ya muda kichwa kikawa kizito. Nikasingizia kinu. Mtoto mdogo akaamka akilia, "Mama mdogo, kichwa kinaniuma." Dada akampa dawa ya maumivu, akamlaza tena. Saa nne yule mkubwa akaamka kwenda kujisaidia. Alifika kizingitini miguu ikamwisha, akaanguka na kutapika.

Unajua tulichofanya? Tulikishtaki chakula. Dada akasema ni yale maharage mabichi waliyoonja watoto. Mimi, kwa aibu ya mpishi, nikamgeukia mama aliyeniuzia sokoni: huenda yalikuwa na dawa ya wadudu. Tulikuwa tunamhukumu mtu asiyekuwepo, na jiko liko hatua mbili kutoka miguuni petu, linawaka bila moshi.

Mzee jirani alisikia kelele, akaja na tochi. Hakuuliza tumekula nini. Aliuliza: "Jiko liko wapi?" Kabla hatujajibu akasema, "Tokeni nje wote. Nyie kwanza, vitu baadaye." Tukakaa uani tumejifunika mablanketi, tunatetemeka, huku yeye akitafuta usafiri wa kutupeleka zahanati. Hapo uani, kwenye baridi ileile niliyoikimbia, kichwa kikaanza kufunguka.

Mkaa unaoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania chembe zinazobeba oksijeni, na kwa kung'ang'ania huko inaishinda oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini haibebi unachokihitaji. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, unatapika, unasinzia. Aliyelala huenda asipate hata nafasi ya kuumwa kichwa.

Moshi ndio uliokuwa ukitulinda, kwa sababu unakera na kutufukuza. Mkaa uliokolea haukeri mtu. Ndiyo maana tunauamini, na ndiyo maana unaua. Beseni langu nalo lilikuwa pambo tu: gesi hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kumwokoa mtu. Hata dirisha lililofunguliwa kidogo si la kutegemea.

Kwa hiyo, wewe unayepika makande, kande la kunde au supu ya makongoro msimu huu wa kipupwe, shika haya. Loweka nafaka mapema, usiku mzima, upunguze saa za moto. Pikia nje au kwenye chumba cha jiko kilichojitenga, chenye hewa ya kutosha. Baridi ikikuzidi, chemsha hukohuko nje mpaka maharage yakaribie kulainika, kisha funika sufuria, ipakie kwenye kapu lililoshindiliwa nguo na mablanketi, uingie nalo ndani. Joto lililomo litamalizia kazi bila kaa hata moja. Na watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, hasa kama wanapata nafuu wakitoka nje, usibishane kuhusu chakula. Toeni watu, kisha muwahi hospitali. Maziwa hayaiondoi gesi hiyo kwenye damu.

Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo jema, ila baridi ya Makete haingoji 2034.

Makande tuliyala kesho yake mchana, yameiva vizuri. Sikuyafurahia sana, kila kijiko nilikuwa nikiwahesabu watoto. Watu husema ajali haina kinga. Yetu ilikuwa nayo: hatua kumi kutoka mlangoni hadi kibandani, nami nilizikataa kwa sababu ya upepo. Wewe usizikatae. Usiku wa leo, vaa sweta la pili, na jiko lilale nje.