Nyufa Zisizofunikwa na Lipu

Soma kwa ajili ya somo hili: Nehemia 3:1–12, 1 Samweli 30:9, 10, 21–25, Ezekieli 13:10–16, Isaya 58:12, 13.

Sabato alasiri, Septemba 10, 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, na nyumba nyingi ziliharibika, hasa Bukoba na maeneo ya jirani. Nyufa zile zina tarehe. Lakini nyufa nyingi za nyumba zetu huku Ngara na Biharamulo hazina tarehe. Maji ya mvua hushuka kutoka kilimani, hukosa mtaro, na mwaka baada ya mwaka huingia chini ya msingi. Mchwa hupanda kimya kimya mpaka kwenye boriti. Siku moja watoto wanakuja likizo kutoka Mwanza au Dar es Salaam, wanaitazama nyumba waliyokulia, na kusema, “Mama hawezi kuendelea kulala humu.”

Ndipo kikao cha familia huitwa. Mmoja anaahidi mabati, mwingine saruji, mwingine malipo ya fundi. Kazi inapangwa kiangazi, kabla mvua hazijarudi. Ni kazi njema. Yesu aliwakemea watu waliotumia nadhiri kuwa kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao (Marko 7:9–13). Kumheshimu mama ni pamoja na kuhakikisha kwamba havujiwi.

Fundi mwenye uzoefu haanzi na lipu. Hugonga ukuta na kusikiliza. Mahali lipu ilipoachana na tofali hulia kama debe tupu. Hapo huibandua, huufuata ufa hadi chini, na mara nyingi huishia nje ya nyumba, kwenye maji yaliyokosa njia. Mtaro huchimbwa kwanza, rangi huja mwisho. Ezekieli aliona ukuta dhaifu uliopakwa chokaa ili uonekane imara, na mvua ilipokuja ukaanguka.

Je, familia inaweza kuijenga upya nyumba na kuacha ufa wake yenyewe chini ya lipu?

Fikiria familia ya namna hii. Kaka wawili walio mjini wanatuma fedha kwa simu kila mwezi. Dada yao anaishi na mama. Ndiye anayeamka alfajiri kuteka maji ya kukorogea udongo na saruji, anayewapikia mafundi, anayehesabu mifuko isipungue, na usiku anayemgeuza mama kitandani. Nyumba inakamilika. Siku ya ibada ya shukrani majina yanasomwa: huyu alitoa mabati, yule saruji. Jina la dada halisomwi. Baada ya chakula mjomba mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba hii ni ya watoto wa kiume. Yeye si wa kukaa hapa. Ukuta unang’aa, na ufa uko palepale.

Sura ya tatu ya Nehemia wengi wetu huiruka, kwa sababu ni orodha ya majina tu. Lakini hiyo ndiyo ibada ya shukrani iliyofanywa sawasawa. Makuhani wametajwa, wafua dhahabu wametajwa, na Shalumu ametajwa pamoja na binti zake (fungu la 12). Wakuu wa Watekoa nao wametajwa, kwa kuwa hawakukubali kuinama na kufanya kazi (fungu la 5). Mbele za Mungu cheo hakikumwingiza mtu kwenye orodha ya wajenzi, wala kuwa binti hakukumwondoa.

Wapo watakaojibu, “Bila fedha zetu kusingekuwa na hata bati moja.” Ni kweli, na aliyetuma huenda alijinyima. Tusidharau sadaka yake. Lakini hoja hiyo ni ya zamani. Watu mia nne walipoenda vitani pamoja na Daudi, mia mbili waliochoka walibaki kijito cha Besori wakilinda vyombo. Baadhi ya waliorudi na nyara walitaka wale wasipewe kitu katika nyara hizo. Daudi alikataa. Hakusema kwamba kazi zote mbili ni nzito sawa. Alisema kwamba nyara zile Bwana ndiye aliyewapa. Kitu kilichotolewa na Bwana, nani atasema ni chake peke yake? Mshahara wa kaka na mgongo wa dada vyote ni zawadi.

Hata sheria ya nchi imeligusa jambo hili. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka mkoani kwetu Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia alikuwa na haki ya kuiuza kama mwanamume. Binti za Selofehadi walikwisha kusikilizwa zamani sana (Hesabu 27:1–7). Haitupasi sisi tuishikao amri tungoje mahakama itufundishe haki.

Isaya anawaita watu wa Mungu watengenezaji wa mahali palipobomoka, na katika fungu linalofuata anazungumzia Sabato. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja. Jua linapozama Ijumaa, aliyetuma fedha, aliyebeba maji na fundi aliyeajiriwa huweka chini mizigo yao saa ile ile. Kwa siku moja hakuna mkubwa wa kazi. Familia iliyopumzika hivyo pamoja itawezaje Jumapili kumsahau mmoja wao?

Maswali ya Kujadili

1. Ni Ijumaa alasiri. Mafundi, ambao si Waadventista, wamebakiza upande mmoja wa paa, na mawingu yametanda. Mama atalala wapi? Familia ifanye nini, na ingepaswa kupanga nini mapema? Soma Kutoka 20:8–11.

2. Katika familia yako au kanisa lako, ni nani anayebeba maji na jina lake halisomwi? Utafanya nini juma hili?

3. Je, ni vema kuzungumza juu ya urithi wakati mzazi angali hai? Kunyamaza kwetu ni heshima, au ni lipu?