Dirisha la zahanati, pazia la mganga

Ukipanda daladala kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, nguzo za umeme zinakusomea njia nzima: mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, anatibu nguvu za kiume. Mchana kijana anasukuma mkokoteni wa mihogo mibichi, nazi na karanga. Jua likizama, pweza anachemka kwenye sufuria kando ya barabara na wanaume wamemzunguka, kila mmoja na kikombe chake cha supu. Kuna alkasusu, na kuna vumbi la Kongo kwenye vichupa vidogo. Soko hilo halilali, na wengi wa wateja wake hawajawahi kumtamkia daktari hata neno moja kuhusu kinachowapeleka huko.

Tuliosoma kidogo ni wepesi wa kuwaita wajinga. Mimi sikubali. Nimetazama wanakokimbilia na wanakokimbia, na naona wana sababu.

Chukua zahanati ya kawaida. Unafika mapokezi, unainama kwenye dirisha, na unaulizwa shida yako kwa sauti inayofika mpaka benchi la mwisho. Nyuma yako yupo jirani, yupo mama wa shemeji yako, yupo kijana unayemfundisha madrasa. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya namna hiyo nyuma ya mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Alinong'ona kitu. Binti wa dirishani akamwambia, tena kwa adabu, "Baba, ongeza sauti kidogo, sikusikii." Yule bwana akanyamaza, akageuza shingo kututazama, kisha akasema kichwa kinamuuma. Aliandikiwa vidonge vya maumivu, akavitia mfukoni na kuondoka bila kuinua macho. Mtu wa kichwa hanong'oni.

Sasa nenda kwa mganga. Kuna kigoda, kuna pazia, na kuna muda. Anauliza: ilianza lini? Ilikuja ghafla au polepole? Mama watoto anasemaje? Umegombana na nani? Hilo la mwisho litaishia kwenye habari za kurogwa, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Lakini yale matatu ya kwanza ni maswali yaleyale ambayo daktari bingwa angeuliza. Mganga hakumshinda daktari kwa dawa, alimshinda kwa kuuliza.

Na kuuliza hapa si suala la heshima peke yake, ni suala la uhai. Uume husimama kwa damu. Mshipa unaoupelekea damu una upana wa milimita 1 hadi 2. Mishipa inayolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda kwenye kuta za mishipa, kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu, sigara au kitambi, mshipa mwembamba ndio unaoonyesha shida mapema. Mwanamume anaona jogoo hawiki, na miaka miwili, mitatu au hata mitano baadaye moyo unafuata. Wenye kisukari hukutwa na tatizo hili miaka 10 au zaidi kabla ya wenzao, kwa kuwa sukari nyingi huumiza mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 anayeagiza supu ya pweza kila jioni huenda mwili wake unamtaka akapime sukari na presha. Pweza ni kitoweo kizuri, ale. Ila akapime.

Hata dawa yenyewe iliyojipatia jina duniani ilipitia njia ya moyo. Watafiti wa kampuni ya Pfizer, huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakiijaribu sildenafil kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua. Kwa kifua haikufanya makubwa, lakini wanaume waliokuwa kwenye majaribio waliripoti jambo jingine. Machi 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa ajili ya jambo hilo jingine, kwa jina la Viagra. Leo zipo zilizotengenezwa na viwanda vingi, na bei imeshuka.

Lipo jambo moja ambalo linanikosesha raha kuliko yote. Baadhi ya vidonge vya presha, hasa vya kupunguza maji mwilini na baadhi ya vile vya kupunguza mapigo ya moyo, vinaweza kudhoofisha tendo la ndoa. Daktari akijua, mara nyingi anaweza kubadilisha aina. Lakini mwanamume haulizwi, naye hasemi. Anachofanya ni kuacha vidonge kimyakimya. Kwa wiki chache anajisikia amerudi ujanani. Presha haiumi, kwa hiyo haimkumbushi. Siku moja anaanguka bafuni, mkono na mguu wa upande mmoja umekufa, na watoto wanasema baba alikuwa mzima kabisa. Kila mtaa una mzee wa namna hiyo, ameketi barazani, mdomo umepinda. Wangapi kati yao waliacha dawa kwa ajili ya chumbani? Mimi naamini si wachache, na naamini swali moja la mapema lingewaokoa baadhi yao.

Mzee wa mtaani kwetu aliulizwa swali hilo. Kwa idhini yake nasimulia. Anahudhuria kliniki ya kisukari, na siku zote huwa na mkewe. Safari moja akamkuta daktari mpya, binti wa umri wa mjukuu wake. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Akapimwa, akatazamwa miguu kama kawaida. Kisha yule binti akamwomba bibi asubiri nje kidogo, akafunga mlango, akaweka kalamu chini. "Babu, naomba uniwie radhi, haya nawauliza wagonjwa wangu wote wa sukari. Na chumbani je, hali ikoje?" Mzee ananiambia alitaka kukasirika. Badala yake alijikuta anaongea, na alipoanza hakuweza kusimama.

Ilikuwa imepita miaka. Bibi alishaamini ana mwanamke nje. Yeye naye alikuwa amehamia chumba cha wajukuu kwa kisingizio cha joto. Daktari alimweleza kwamba sukari ndiyo iliyofanya kazi hiyo, akambadilishia dozi, akampima moyo kwanza kabla ya kumwandikia kidonge cha kusaidia. Halafu akamuuliza kama angependa bibi aingie naye asikie. Bibi akaingia. Hapo ndipo mzee anaposema tiba ilipoanza, na mimi namwamini, maana mke aliyeambiwa "ni sukari" hana tena wa kumshuku.

Kipimo cha moyo hakikuwa urembo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama vile kidonge kinachowekwa chini ya ulimi, akichanganya na sildenafil presha inaweza kuporomoka mpaka afe. Na vichupa vya mitaani? Havina maandishi ya kilichomo wala kipimo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi kuhusu bidhaa zilizouzwa kama mitishamba mitupu, kumbe maabara imekuta sildenafil ndani. Mtu anaweza kumeza kitu ambacho angekatazwa na daktari, akidhani anakunywa mizizi. Tena, uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo, na wenye selimundu wanaweza kupatwa nayo hata bila dawa yoyote.

Vijana wana shida yao tofauti kidogo. Wengi wa miaka ya ishirini wanaonunua vidonge duka la dawa mishipa yao ni mizima. Dalili ni rahisi: akiamka asubuhi akakuta umesimama, mwili unafanya kazi, kinachomsumbua ni hofu. Amejilinganisha na filamu za ngono, au alishindwa siku moja baada ya pombe na tangu hapo anaingia chumbani kama anayeingia chumba cha mtihani. Wanaomaliza mapema ni wengi zaidi, na hilo nalo lina tiba: mazoezi ya kusimama kidogo na kuanza upya, ushauri kwa wote wawili, na zipo dawa. Kuhusu kukosa mtoto sitaongea mengi leo, ila hili: karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume una sehemu yake, nasi bado tunampeleka mke peke yake hospitali, mwaka hadi mwaka.

Wakati mwingine namwonea mwanamume huruma. Binti wa pwani ana somo wake. Hata akiwa na wajukuu yupo mama wa kumwendea na kumwambia ya ndani. Mvulana alikwenda jando, akaambiwa avumilie, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia mwili wa miaka 50 utakuwaje na amwendee nani. Rafiki wa kijiweni? Huko ni majigambo.

Ndiyo maana siwaombi wanaume wawe majasiri. Naomba kitu kidogo zaidi, na nakiomba kwa wanaosimamia kliniki zetu za presha na sukari. Kadi ya mgonjwa ina nafasi ya uzito, ya presha, ya sukari. Iongezwe nafasi moja ya hali ya chumbani, ili muuguzi au daktari alazimike kuuliza, mlango ukiwa umefungwa. Na pale mapokezi, mtu asilazimishwe kutangaza ugonjwa wake, itoshe kusema "nahitaji kumwona daktari, ni la faragha."

Kabla hilo halijafika kwenu, ndugu yangu unayesoma, usiache kidonge cha presha bila kumwambia aliyekuandikia. Kama ulimi ni mzito, andika kwenye karatasi: tatizo ni lipi, lilianza lini, dawa zote unazotumia pamoja na zile za kichupa, na kama asubuhi unaamka sawasawa. Ukiingia chumba cha daktari, mpe asome. Ukiona ni vigumu kumpa binti, omba daktari wa kiume. Ombi hilo si kosa.